Mbwa Aliyezunguka Kushoto

Baba yangu aliitwa Juma Ramadhani, naye alizaliwa Muhoroni, wakati baba yake alipokuwa mlinzi wa bohari ya reli. Mama yangu aliitwa Zuhura, binti wa mwanamke wa Kisian aliyesilimu alipoolewa mjini. Mimi nilizaliwa hapa Kisumu, mtaa wa Kaloleni, katika nyumba iliyosikia adhana kabla ya kusikia jogoo. Sikupelekwa shule. Ndugu yangu Saidi, aliyenifuata kwa kuzaliwa, ndiye aliyepelekwa, nami nilibaki na mama. Silitaji jambo hilo ili unihurumie, mjukuu wangu. Nalitaja ili ujue kwamba haya nitakayokuambia uandike nimeyatunza kichwani, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuyatunzia.

Tulipokwenda kumchukua Saidi chumba cha maiti mwezi uliopita, nilisimama mlangoni nisiweze kuingia, ukanishika mkono ukidhani majonzi yamenizidi. Majonzi yalikuwapo. Lakini kilichonisimamisha ni harufu ya ile dawa wanayohifadhia miili, dawa ikatayo pua kama kitunguu kilichooza ndani ya chupa. Harufu hiyo nilikuwa nimeinusa mara moja tu kabla ya siku hiyo, nikiwa mtoto, katika ghala la ngozi la baba yangu, na mara ile nilikuwa nikimngoja Saidi afe.

Ghala lile lilikuwa chini ya mji, upande wa reli na gati. Wachinjaji walileta ngozi mbichi za ng'ombe na mbuzi, baba akazipaka chumvi, akaziwamba juu ya viunzi vya miti zikauke kivulini. Wakati huo magugu yalikuwa bado hayajalifunika ziwa, na kutoka mlangoni ungeyaona maji yakimeta hadi upeo wa macho. Sakafu ilikuwa na chumvi siku zote. Ukikanyaga pekupeku ukiwa na kidonda, ulikijua kidonda chako. Panapo ngozi pana mbwa koko, kwa hiyo baba, mtu wa swala tano, alilazimika naye kufuga mbwa wa ulinzi. Alimpata kwa askari polisi mstaafu, na kwa sababu hiyo mbwa akaitwa Sajini. Alikuwa mkubwa, wa rangi ya mchanga, mwenye sikio moja lililokatika ncha. Alifungwa kwa mnyororo mrefu mchana, akafunguliwa magharibi.

Mama alikuwa na sheria zake juu ya Sajini. Bakuli lake la bati halikuingia nyumbani. Aliyeguswa na mate yake aliosha pale palipoguswa mara saba, mara ya kwanza kwa maji yaliyochanganywa na udongo, kama tulivyofundishwa kuhusu vyombo. Tulikua na desturi hiyo bila kuiuliza, kama tulivyokua na desturi ya kuvua viatu mlangoni. Saidi alimpenda mbwa yule kupita kiasi, na alioshwa mara nyingi kuliko mtoto yeyote wa Kaloleni.

Ugonjwa ulianza kidogo kidogo. Sajini alianza kujigonga kwenye mwimo wa mlango, daima kwa bega la kulia. Kisha akaanza kuzunguka. Alizunguka kushoto, kushoto tu, mpaka mnyororo ukamwishia shingoni, na baba akawa hana budi kumzungusha kulia ili amfungue. Baadaye tena akawa anakwenda kwenye ukuta wa ghala, anaweka paji la uso juu ya matofali, anasimama hivyo, macho wazi, muda mrefu. Mimi niliamini kwamba anasikiliza. Niliamini kuna kitu ndani ya ukuta kinachosema naye, nami nilikuwa nikiweka sikio langu juu ya matofali kando yake nikikingoja kiseme na mimi. Nilisikia mnuso wa chumvi, kama chumvi yaweza kusikika, na pumzi ya mbwa. Baba aliponikuta hapo alinitandika.

"Unasikiliza nini?"

"Anachosikiliza Sajini."

"Sajini hasikilizi. Sajini anaumwa kichwa. Toka hapo."

Jirani yetu pale ghalani alikuwa Mzee Owuor, muuza samaki, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita mitumbwi. Yeye na baba walitaniana kila asubuhi. Owuor alikuwa akisema ngozi za baba zinawafukuza wanunuzi wake, na baba akimjibu kwamba samaki wake ndio wanaozifanya ngozi zinuke. Lakini kuhusu Sajini, Owuor hakutania.

"Mzee Juma, hii mbwa kichwa yake imeharibika. Ua yeye mapema."

"Anakula, Owuor. Ananijua."

"Hata ile ya Kisian iliuma mtoto ya ndugu yangu ilikuwa najua mwenyewe. Mimi nilizika huyo mtoto, omera, rafiki yangu. Alikuwa anaona maji kwa kikombe, anapiga kelele kama ameona nyoka. Si mambo ya kucheka."

Baba hakucheka. Alitazama chini, akasema atafikiri.

Kabla hajamaliza kufikiri, Sajini alianguka. Ilikuwa alasiri, Saidi ametoka shule na amekwenda moja kwa moja kumsalimu. Mbwa alikakamaa, akaanguka ubavu, miguu ikapiga hewa, povu likamtoka. Saidi alidhani amekabwa na mfupa, akatia mkono kinywani autoe. Meno yakafunga. Sajini hakumshambulia, na hilo nataka liandikwe wazi, maana mimi nilikuwa nimesimama pale. Meno yalifunga kama mlango unavyofungwa na upepo, na degedege lilipokwisha yakafunguka, na mbwa akainuka akiyumba, akaulamba mkono ule ule uliokuwa ukitoka damu.

Mama alipouona mkono, akaona damu na mate, alifanya kile mikono yake ilichokijua. Aliuosha mara saba. Mara ya kwanza alichota udongo pale pale uani, mahali wachinjaji walipokuwa wakishusha ngozi mbichi, akausugua ndani ya kidonda mpaka Saidi akapoteza sauti. Mara sita nyingine alimwagia maji safi, akisoma dua, machozi yakimtoka. Maalimu wa msikitini alituambia baadaye, kwa upole, kwamba hakuna aliyetufaradhishia udongo ndani ya jeraha. Wakati huo hakuwapo wa kutuambia.

Hospitalini baba aliambiwa sindano za kichaa cha mbwa zimekwisha na nyingine zinangojwa kutoka Nairobi. Alirudi amemshika Saidi mkono mzima, uso wake umekuwa wa mtu mwingine. Owuor alikuwa amekwisha kumwita askari wa manispaa mwenye bunduki, yule aliyekuwa akipita mitaani kupiga mbwa wasio na wenyewe.

Lakini mtu mwingine alikuwa amefika pia. Ofisi ya mifugo ndiyo iliyokuwa ikikagua ngozi zetu, na siku zile palikuwa na daktari wa mifugo, mwanamke kutoka upande wa Sondu, aliyeitwa Daktari Chebet. Watu wa sokoni walimwita Daktari wa Vichwa. Alikuwa akizunguka pwani ya ziwa akiulizia mbwa na paka wenye kuanguka kifafa, wenye kupooza, wenye kupinda shingo, na walipokufa aliomba vichwa vyao. Wauza samaki walikuwa wakimcheka wazi. "Daktari, ng'ombe zimeisha Kenya?" waliuliza. Naye alijibu, "Ng'ombe wako na daktari wao. Mimi nimebakiziwa nyinyi na mbwa." Wakacheka zaidi, lakini walimwonyesha mbwa. Sisi watoto tulimkimbia. Mtu anayekusanya vichwa, unajuaje atatosheka na vya mbwa?

Alisimama kati ya Sajini na bunduki, mkoba begani, akamuuliza baba maswali. Mbwa alianza lini? Anazunguka upande gani? Alipata kubadilisha upande? Baba alipomjibu, alisema:

"Mzee, kichaa hakina subira. Kichaa kingekuwa kimemmaliza huyu zamani. Huyu ana kitu ndani ya kichwa kinachokua polepole, upande mmoja. Nimewaona wengine kama yeye."

"Unaapa?" baba akauliza.

"Siapi. Naweza kukosea, na mtoto ni wako. Sindano zikifika leo, mchomeni leo. Lakini mkimpiga mbwa risasi, itabidi kichwa kisafirishwe Nairobi kuangaliwa, na jibu litachelewa. Mkimwacha hai, atatujibu mwenyewe. Kama alikuwa na kichaa siku alipouma, hawezi kufika mwezi mwandamo. Akifika, mtoto wako hana neno."

Siku zile mwezi ulikuwa ndio kwanza umeanza kupungua, ukichelewa kutoka usiku. Baba alimsogeza Saidi nyuma yake. Kisha akamwambia askari wa bunduki, "Rudi kwako, bwana. Huyu tutamfungia ndani." Owuor akatikisa kichwa, akaenda zake bila kuaga.

Mimi nilikuwa nyuma ya kiunzi cha ngozi, na nililisikia neno la daktari kama mtoto anavyosikia: Sajini akiishi, Saidi ataishi. Sikusikia mwezi. Sikusikia "siku alipouma". Nilichobeba ni kwamba roho mbili zimefungwa kwa mnyororo mmoja.

Basi nikamlisha mbwa. Nilimnyima Saidi uji wangu niliokuwa nikimgawia kila asubuhi, nikampelekea Sajini kupitia upenyo wa mlango, nikiusukuma kwa fimbo, maana baba alikataza yeyote asimguse. Alipokataa kula nilimsihi. Alipozunguka nilimwambia apumzike. Mama aliponiuliza mbona ninamsemesha mbwa kuliko ndugu yangu, nilimwona kuwa mtu asiyeelewa chochote.

Kisha mkono wa Saidi ukavimba. Ulikuwa mwekundu hadi kiwiko, ukawaka moto, na homa ikampanda akawa anaongea maneno yasiyo na mpangilio. Habari ilivuka ua upesi. Owuor alikuja na wanaume wa sokoni, na mmoja wao alikuwa na rungu. Hawakuja kwa ubaya. Nilimwona Owuor machoni. Alikuwa kama anayemzika tena mtoto wa ndugu yake.

"Sasa umeona," alimwambia baba. "Imeanza. Toa hiyo mbwa."

Baba alisimama mlangoni pa ghala, funguo mkononi, akauchagua ufunguo wa kufuli. Nafikiri angefungua. Daktari Chebet alifika akitokea ofisini, maana mama alikuwa amemtuma mtu. Hakwenda kwa mbwa. Alikwenda kwa Saidi, akafungua kitambaa, akainusa bandeji, akauliza kidonda kilioshwa na nini. Mama akamwambia. Daktari akafumba macho kidogo.

"Mama, maji yalikuwa mema, na yalikuwa mengi, asante Mungu. Udongo ndio huu unaowaka. Hii ni homa ya uchafu. Ina dawa, na dawa ipo hospitalini leo."

"Uongo," akasema yule mwenye rungu.

Daktari hakubishana naye. Alimgeukia Owuor. "Mzee, wewe umemwona mgonjwa wa kichaa. Mimi nimesoma tu. Mletee mtoto maji wewe mwenyewe."

Owuor alikwenda mtungini. Akarudi na kikombe. Saidi, macho mekundu, alikishika kwa mkono mzima, akanywa, maji yakamwagika kidevuni, akanywa mpaka mwisho. Kisha akasema, "Yana ladha ya samaki. Niongeze."

Owuor aliketi chini, pale pale juu ya chumvi, miguu yake mirefu imekunjika mbele yake. "Anakunywa," alisema. Akarudia kwa Kijaluo, akajifunika uso kwa kofia.

Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyemletea Sajini chakula. Kila jioni alileta mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki minofu ikisha kukatwa, akaichemsha mwenyewe, akaipitisha chini ya mlango. "Kula, Sajini," alikuwa akisema. "Kula, wewe ni shahidi." Hospitali ilimchoma Saidi dawa ya kidonda, homa ikashuka. Sindano nyingine nazo zilifika kwa treni, akaanza kuchomwa tumboni, akilia na kumtukana mwuguzi kwa adabu.

Mwezi ulipoandama, wanaume wa msikitini walishuka hadi gatini kuutazama, kwa kuwa huku kwetu mwezi mchanga huonekana juu ya maji. Baba alinibeba mabegani, mimi niliyekuwa mkubwa mno kubebwa. Aliuona, akasema dua, akarudi ghalani akaukomoa mlango. Sajini alitoka akiyumba, akazunguka kushoto, akaja akaweka kichwa juu ya goti la baba. Baba hakumsukuma. Aliketi hivyo mpaka giza likaingia, naye mtu wa udhu, akijua ataosha mara saba.

Kwa wakubwa, mambo yalikuwa yamekwisha. Hakuna aliyekumbuka kuniambia.

Sajini aliishi mpaka mvua za masika zilipokuwa zikikatika. Alikuwa haoni vizuri, anaanguka mara kwa mara, na asubuhi moja Saidi alikwenda kumsalimu akamkuta amelala hapumui. Akamfunika kwa gunia. Mimi nililiona gunia lile, nikaingia ndani, nikamvuta Saidi mkekani, nikalala kando yake, nikamshika kifundo cha mkono, pale palipo na kovu.

"Unafanya nini?" akauliza. "Mkono wako una jasho."

"Lala tu."

"Nina shule."

"Leo huendi shule. Sajini amekufa."

"Najua amekufa. Nimemfunika mimi."

"Basi tulia," nikamwambia. "Nitakaa nawe."

Alinitazama kama mtu anayetazama mwehu. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nalia bila sauti naye hakuzoea kuniona nikilia, alilala, akaniacha nimshike. Niliusikiliza mpigo wa damu yake chini ya kidole changu. Kila ulipopiga niliamini ndio wa mwisho. Huo ndio muda mrefu kuliko wote nilioishi, na nimezaa, na nimezika.

Mama ndiye aliyetukuta. Nilimweleza ninachongoja, naye, badala ya kusema nami, alinishika mkono akanipeleka ghalani, ambako Daktari Chebet alikuwa amekwisha kufika. Baba alikuwa ametimiza ahadi aliyompa siku ya bunduki, kwamba Sajini akifa kichwa ni chake. Alitandika gunia safi juu ya meza ya chumvi, akamruhusu afanye kazi yake. Ndipo nilipokutana na ile harufu. Ilikuwa ikitoka kwenye mtungi wa kioo uliokuwa wazi, ikachanganyika na harufu ya ngozi, na macho yakaniwasha.

Mama akasema, "Daktari, mwambie huyu. Mimi sina maneno."

Daktari alinawa mikono. Alichuchumaa, uso wake ukawa sawa na wangu, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafanya jambo ambalo baba alitaka kulizuia, akaliacha. Alinionyesha. Ubongo wa Sajini ulikuwa kama kitu kilichokunjwa kwa uangalifu ili kienee mahali padogo. Upande wa kushoto palikuwa na uvimbe, wa kijivu, mdogo kama yai la njiwa, umeisukuma mikunjo yote pembeni.

"Hiki ndicho kilichokuwa kikimzungusha," alisema. "Kilimwelemea huku, naye akageukia huku. Alipoweka kichwa ukutani, hakuwa akisikiliza. Alikuwa akiumia. Kitu hiki hakitoki kwa mbwa kwenda kwa mtu kwa meno. Saidi hanacho. Saidi alikuwa salama tangu mwezi ulipoandama."

"Ulisema akiishi mbwa, ataishi Saidi."

"Nilisema na baba yako," akajibu. "Wewe ulikuwapo, nami sikukuona. Nisamehe."

Sikuwa nimewahi kuombwa msamaha na mtu mzima. Sikujua kunajibiwa nini, nikamuuliza anakipeleka wapi kichwa. Alinieleza kwamba yeye na wenzake Nairobi hukata ubongo vipande vyembamba kuliko karatasi, wakavitazama kwa hadubini, kwa sababu vivimbe vya namna hii huota pia ndani ya vichwa vya watu, na mbwa hunywa maji yetu na kuishi katika nyumba zetu. Anayejua vinavyoanza kwa mbwa huenda akajua vinavyoanza kwa mtu. "Dawa ipo?" baba akauliza. "Bado, Mzee. Ndiyo sababu naomba vichwa." Baba akamkabidhi mtungi kwa mikono miwili, kama unavyomkabidhi mgeni chakula. Mwili tuliuzika nyuma ya ghala. Owuor alichimba.

Daktari alihamishwa baadaye, nasi hatukupata habari zake tena. Kama dawa ilipatikana, sijui. Saidi alikua, akaoa, akafuga mbwa maisha yake yote, na alipokuwa akitaka kunichokoza mbele ya watu alikuwa akinyoosha mkono wenye kovu na kusema, "Dada, nishike, ninakufa." Mwezi uliopita hakusema hivyo. Nilimshika hata hivyo.

Sasa sikiliza ya kuweka. Mnyororo wa Sajini uko chini ya kitanda changu, ndani ya debe. Usiuuze kwa wanunuzi wa vyuma, wala usiukwangue kutu. Bakuli la bati liweke mbali na vyombo vya kulia, kama mama alivyotaka. Mtu akikuuliza kuhusu mbwa yule, usiseme alikuwa na wazimu. Sema alikuwa mgonjwa, na useme ugonjwa ulikuwa upande gani. Jeraha lioshe kwa maji na sabuni, udongo uuache chini. Na mdogo wako amesimama nyuma ya mlango tangu nilipoanza kusema. Nimeuona unyayo wake chini ya mlango. Alikuwapo pia siku tulipokuwa tukizungumza habari za mazishi. Usifunge hilo daftari. Mwite aingie, umketishe karibu, umsomee yote tangu mwanzo, na umuulize ni nini alichosikia.